Kufika Zahanati na Kutibiwa Ni Mambo Mawili

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto, ule unaosimamiwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ulionyesha mwaka 2015-16 kwamba kati ya kila watoto 100 waliozaliwa Tanzania, 63 walizaliwa katika kituo cha kutolea huduma za afya. Uliporudiwa mwaka 2022 walikuwa 81. Zahanati zimejengwa, vituo vya afya vingi vimepata vyumba vya upasuaji, na akina mama wameitikia wito wa kujifungulia huko. Sasa tazama takwimu nyingine kutoka tafiti hizo hizo: vifo vya watoto wachanga, yaani walio chini ya siku 28, vilikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000. Mwaka 2022 vilikuwa 24.

Watoto wengi zaidi wanazaliwa mikononi mwa wahudumu, na bado kiwango cha wanaofariki ndani ya mwezi wa kwanza kimebaki karibu pale pale. Sisi tunaofanya utafiti wa mifumo ya afya hatuwezi kulipita jambo hilo. (Vifo vitokanavyo na uzazi vinasimulia habari njema zaidi: kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Makadirio hayo hupatikana kwa kuwauliza watu habari za dada zao waliofariki, na kwa kuwa vifo vyenyewe ni vichache ndani ya sampuli, nafasi ya kukosea ni pana. Mimi huisoma namba hiyo kwa furaha na kwa tahadhari.)

Tuanze na kuifikia huduma. Wengi wetu tukisikia hivyo tunafikiria kilomita. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, ulioanza mwaka 2007, ulisimama juu ya fikra hiyo: kila kijiji zahanati, kila kata kituo cha afya. Umbali ni kweli unaua, hasa masika barabara zikikatika na bodaboda wakipandisha nauli au kukataa kabisa safari. Lakini umbali ni sehemu moja tu ya tatizo, na mahali ambapo hilo lilichunguzwa kwa makini ni bonde la Kilombero.

Katikati ya miaka ya 2000, watafiti wa taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara na wenzao wa Uswisi walifanya kazi katika wilaya za Kilombero na Ulanga, mkoani Morogoro. Huko, msimu wa mpunga ukifika, familia nyingi huiacha nyumba ya kijijini na kwenda kuishi mashambani kwa miezi kadhaa, maji yakiwa yamejaa kila upande. Kwenye ramani zahanati iko pale pale ilipokuwa. Mtu ndiye aliyehama. Kwa hiyo watafiti hao hawakupima umbali peke yake. Waliuliza kama huduma ipo, kama inafikika, kama gharama yake inabebeka, kama imepangwa kulingana na maisha ya watu wa pale, na kama mgonjwa mwenyewe anaikubali.

Suala la gharama linahitaji maelezo zaidi kidogo. Uchangiaji wa huduma katika vituo vya serikali ulianza mwaka 1993, na sera ikawasamehe wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza. Msamaha huo upo. Shida huanzia dirisha la dawa. Dawa ikiwa haipo, mama huandikiwa karatasi akanunue nje, na duka la dawa halina msamaha kwa mtu. Ndiyo maana mtafiti anayemuuliza mgonjwa "ulilipa kiasi gani kituoni?" hupata jibu zuri lisilo kamili. Inabidi aulize ametumia kiasi gani tangu alipotoka nyumbani mpaka alipomeza dozi ya kwanza.

Kule Kilombero na Ulanga waliwafuatilia pia watu waliougua homa. Karibu watoto 9 kati ya kila 10 walipewa mojawapo ya dawa za malaria zilizokuwa zikipendekezwa wakati ule. Ukiishia hapo utasema mambo ni mazuri. Walipohesabu waliopata dawa hiyo mapema na kwa namna inayotakiwa, watoto walikuwa takriban 22 kati ya kila 100, na watu wazima takriban 10. Wengine walichelewa, au walipewa kipimo kisicho sahihi, au hawakumaliza dozi. Hao wote, kwenye hesabu ya kawaida ya "waliopata dawa", wanaingia bila ubishi.

Mwaka 2018 jopo la kimataifa lililoongozwa na Margaret Kruk na Muhammad Pate lilifanya hesabu ya aina hiyo kwa nchi zote za kipato cha chini na cha kati. Walikadiria kuwa kila mwaka watu milioni 8.6 hufariki kwa maradhi ambayo huduma ya afya ingeweza kuyazuia yasiue. Kati yao, milioni 3.6 hawakuifikia huduma. Milioni 5 waliifikia, na huduma yenyewe ilikuwa dhaifu.

Ubora basi unapimwaje? Njia rahisi ni kuhesabu vitu: kuna maji, umeme, vitanda, mashine ya kupimia shinikizo la damu, wahudumu wangapi? Tanzania ilianza mwaka 2015 kuvipa vituo nyota, kuanzia sifuri hadi tano. Vituo karibu 7,000 vilikaguliwa, na takriban theluthi moja havikupata hata nyota moja. Zoezi hilo liliwaamsha watu, na marudio yake yalionyesha nafuu kubwa. Naliheshimu. Lakini mfuko wa kumpumulisha mtoto mchanga unaweza kuwepo kabatini, ukahesabiwa, ukaleta alama, na mkunga wa zamu ya usiku asijue kuutumia au asijue ufunguo wa kabati uko wapi. Kinachomwokoa mtoto aliyezaliwa bila kulia ni dakika moja ya kwanza, na dakika hiyo mkaguzi wa saa nne asubuhi haioni.

Njia nyingine ni kumuuliza mgonjwa mwenyewe. Hapa kuna utafiti ambao kila mwanafunzi wangu lazima ausome, uliofanyika Korogwe na Muheza, mkoani Tanga. Wanawake waliojifungulia vituoni waliulizwa, wakati wa kuruhusiwa kwenda nyumbani, kama walitukanwa, walipigwa, walipuuzwa au kufanyiwa jambo lolote la kuwadhalilisha. Asilimia 19 walisema ndiyo. Baadhi yao walitembelewa tena nyumbani wiki kati ya tano na kumi baadaye, wakaulizwa maswali hayo hayo. Safari hii waliosema ndiyo walikuwa asilimia 28.

Kwa nini ziongezeke, na mambo yalishatokea? Mama anayetoka wodini na kichanga mkononi amefurahi kuwa hai. Nesi aliyemfokea yuko hatua chache kutoka hapo, na mtoto atarudi kwa chanjo kwa nesi yule yule. Akiwa kwake, amekaa na mama yake au wifi yake, lile neno alilotukanwa linapata uzito wake. Ndiyo maana tafiti za "kuridhika kwa wateja" zinazofanyika mlangoni pa kituo na kuripoti asilimia tisini na kitu mimi huzisoma kwa shaka. Mtu aliyezoea kidogo huridhika na kidogo, na mwenye hofu husema ameridhika.

Wananchi nao wana kipimo chao, hata kama hawajazi dodoso. Utafiti mwingine, wa wilayani Kasulu mkoani Kigoma, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya wanawake waliojifungulia vituoni walikuwa wameipita zahanati iliyo karibu nao wakaenda mbali zaidi, kwa nauli yao wenyewe. Kwa lugha ya ofisini hiyo huitwa kukiuka ngazi za rufaa. Kwangu mimi hiyo ni kura.

Je, ubora ukishughulikiwa, vifo hupungua? Ushahidi upo, na ni wa hapa nyumbani. Kati ya mwaka 2021 na 2023, mradi uliochipuka kutokana na kazi ya Hospitali ya Kilutheri ya Haydom uliendeshwa katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ukiwahusisha akina mama karibu 280,000. Wahudumu walipewa vifaa vya kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni na vya kumpumulisha anapozaliwa. Walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwa kutumia midoli, pale pale kazini badala ya semina ya hotelini, na walizipitia takwimu za wodi yao wenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025: vifo vya watoto karibu na kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000, na vya akina mama vilipungua kwa takriban robo tatu. Mikoa haikufanana, kwingine nafuu kwa watoto ilikuwa kubwa, kwingine haikuonekana. Kujua kwa nini ni kazi inayoendelea.

Haya yote husimama juu ya majibu ya watu, kwa hiyo huenda siku moja mtafiti akabisha hodi kwako. Muulize kibali cha maadili. Kwa Tanzania Bara tafiti za afya hupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Atakusomea fomu ya ridhaa, na iwe ni ya kukusomea kweli, si ya kukuonyesha mahali pa kuweka dole gumba. Una haki ya kukataa, kuruka swali au kusitisha katikati, na matibabu yako hayaguswi kwa hilo. Kama mhudumu wa kituo amesimama karibu, omba mahojiano yahamie pengine. Ukisahau kiasi ulicholipa, sema umesahau. "Sikumbuki" ni jibu halali na lina faida kuliko namba ya kubuni.

Matokeo yakitoka, mara nyingi huishia kwenye majarida ya Kiingereza. Zahanati nyingi za umma zina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi, na wajumbe hao wanaruhusiwa kuuliza. Nikikaa nao huwashauri waanze na maswali mawili kwenye kikao kijacho: dawa zipi zilikosekana robo iliyopita na kwa siku ngapi, na mara ya mwisho wahudumu kufanya mazoezi ya kumpumulisha mtoto mchanga ilikuwa lini.