Sindano ya mgongo haikumuua shemeji yako

Wiki iliyopita niliisikia tena hofu ya sindano ya kutoa maji ya mgongo, safari hii mlangoni mwa wodi ya wanaume. Kijana ana siku kumi na mbili za maumivu ya kichwa, anaona kila mtu wawili wawili, mara anamtambua mama yake mkubwa, mara hamtambui. Ana VVU; CD4, yaani askari wa kinga ya mwili, ni 38, na CrAg ya damu, kipimo cha fangasi wa kriptokokasi anayeshambulia ubongo, imesoma chanya. Nimeshavaa glovu. Mama mkubwa akanishika mkono: "Dokta, mpeni dawa zote mlizonazo, lakini mgongo msimtoboe. Shemeji yangu alitobolewa Jumatatu, Jumatano tukamzika."

Simlaumu. Alichokiona alikiona kweli. Ila hakunisimulia siku zilizotangulia, maana nazifahamu: siku ya kwanza ndugu walikataa, siku ya tatu wakasema wasubiri kaka mkubwa afike kutoka safari, siku ya sita mgonjwa hajui hata jina lake, ndipo wakasaini. Mtu wa namna hiyo anakufa kwa ugonjwa uliokwisha kumkaba, lakini kinachokumbukwa msibani ni sindano. Kisha familia nyingine inasikia, nayo inachelewa, na msiba mwingine unatoa ushahidi uleule.

Wengine huogopa kwamba sindano itampoozesha mgonjwa; hilo nalimaliza upesi. Uti wa mgongo wenyewe unaishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sisi tunaingia chini yake, kati ya ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, mahali penye maji na mishipa ya fahamu inayoelea. Kina mama wanaojifungua kwa upasuaji huchomwa ganzi ya mgongo maeneo hayohayo, na kesho yake wanatembea wodini. Kichwa kuuma siku chache baada ya sindano kupo, sikatai.

Kinachonikera kuliko vyote ni hiki: "Si mmeshapima damu mkaona fangasi? Sasa mgongo wa nini?" Nimeulizwa hivyo hata na wahudumu wenzangu. Watu wanadhani sindano ile ni kipimo tu. Kwa ugonjwa huu, sindano ni tiba.

Fangasi huyu, kriptokokasi, anaishi kwenye udongo na kinyesi cha ndege, hasa njiwa. Tunamvuta kwa pumzi. Mtu hamwambukizi mwenzake. CD4 ikishuka chini ya 100 ndipo hupata nafasi ya kupanda kichwani. Mwili wake umevikwa ganda nene la sukari, na shida yote iko kwenye ganda hilo. Ubongo hutengeneza takribani nusu lita ya maji kwa siku, ilhali kichwa na mgongo kwa pamoja vinabeba kama mililita 150 tu kwa wakati mmoja. Yanayozidi hunyonywa kurudi kwenye damu kupitia vijitundu vidogo sana. Fangasi na sukari yake huviziba. Maji yanaendelea kutengenezwa, pa kutokea hapana. Ndiyo maana Panadol haifui dafu, macho yanapishana, na mwisho mgonjwa anaweza kupofuka au kuwa kiziwi. Dawa inaua fangasi, lakini inachukua siku nyingi, na hata waliokufa maganda yao yanaendelea kuziba.

Kwa hiyo tunapima shinikizo. Likizidi sentimita 25 za maji tunatoa mililita 20 hadi 30, tukilenga lirudi chini ya 20 au lipungue kwa nusu, na kesho tunarudia hadi litulie. Wodini kwangu hakuna manomita, kifaa cha kupima shinikizo hilo. Tunaunga mpira wa dripu na kuushikiza kwenye rula. Na wale wanaosema "mnammalizia maji": mililita 20 zinarudi ndani ya saa moja hivi. Ndiyo sababu sindano moja haitoshi.

Kuna mawili yananisumbua. Utafiti wa Uganda na Afrika Kusini uliochapishwa 2014 ulionyesha kuwa waliotolewa maji zaidi siku za mwanzo walikufa wachache mno kuliko wenzao, pungufu kwa zaidi ya theluthi mbili. Lakini hawakugawanywa kwa kura. Anayefikia sindano ya pili ni yule aliyebaki hai na ambaye ndugu zake wamekubali. Naamini sindano inaokoa. Ukubwa wa namba ile siuamini sana.

La pili ni zito zaidi. Kuna mgonjwa anayekuja mkono na mguu wa upande mmoja vimelegea, au ana degedege. Huyo huenda ana tokso, ugonjwa wa kimelea unaoleta uvimbe ndani ya ubongo, na kumtoa maji chini kunaweza kuuvuta ubongo ushuke. Hapo hofu ya ndugu ina msingi. Mashine ya CT iko mkoa mwingine. Naanza Septrin kwa dozi ya tiba na kungoja. Akipata nafuu naandika tokso kwenye faili, ingawa sikuiona kwa macho. Na mtu mmoja anaweza kuwa na tokso, fangasi na TB ya ubongo kwa pamoja. Wapo niliowaacha bila kuwachoma, na hadi leo najiuliza kama nilifanya sawa.

ARV hatumnyimi mtu, tunazichelewesha tu. Uganda na Afrika Kusini walijaribu kuanza mapema, wiki ya kwanza au ya pili: baada ya wiki 26 walikufa asilimia 45, dhidi ya 30 kwa waliosubiri wiki tano hivi. Kwa hiyo tunasubiri wiki nne hadi sita.

Yule kijana? Nilimwomba mama mkubwa aingie, amshike mabega wakati amejikunja. Shinikizo lilikuwa 41. Nilitoa mililita 25, akalala usiku kucha kwa mara ya kwanza tangu alazwe. Jana ilikuwa sindano ya tano, tumesoma 19. Kichwa kimeacha kuuma. Bado ananiona wawili.