Tovuti Mpya, Google Haioni: Nilichokikuta kwa Mkulima wa Hombolo

Mzee mmoja anayeuza miche ya zabibu Hombolo alikuja ofisini kwangu hapa Dodoma mjini, akaniwekea simu mezani. Tovuti yake ilikuwa na miezi saba. "Mwanangu, hela nimelipa, lakini nikiandika zabibu Google naona za watu tu."

Sikugusa muundo wala rangi. Kwenye Google niliandika site: nikaunganisha na anwani yake, amri inayoonyesha kurasa za tovuti hiyo ambazo Google inazo, nikatafuta. Hakuna hata ukurasa mmoja uliotokea. Ukiona hivyo, suala la nafasi ya ngapi bado halipo kabisa. Unapotafuta kitu, Google haizunguki intaneti nzima wakati huo. Inachungulia kwenye faharasa yake, yaani orodha ya kurasa inazozijua, iliyojazwa na roboti (programu zake) wanaopita kiungo hadi kiungo. Ambaye hayumo kwenye faharasa hatajwi.

Sababu ilikuwa kiboksi kimoja. WordPress, programu iliyojengea tovuti yake, kwenye mipangilio ya usomaji ina alama ya kuziomba injini za utafutaji zisiiweke tovuti kwenye faharasa. Fundi aliiwasha wakati wa ujenzi, jambo zuri tu, kisha akakabidhi kazi bila kuizima. Miezi saba ya mzee wa watu! Hili huniuma kila ninapolikuta, na ninalikuta mara nyingi. Niliizima, nikamfungulia Google Search Console, huduma ya bure ya kufuatilia tovuti yako inavyoonekana Google, nikawasilisha ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zake.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Neno "zabibu" peke yake usiligombanie. Tovuti changa haitazishinda kubwa zilizolikalia miaka. Nikamuuliza, wateja wakikupigia simu huuliza nini? Akataja bila kufikiri: mche bei gani, ekari moja inaingia miche mingapi, nipande mwezi gani, Singida unatuma? Kila swali tukalitengea ukurasa wake, likajibiwa kikamilifu, bei ikiwemo. Wengi huficha bei wakidhani mteja atapiga simu. Mimi naona anaondoka.

Kichwa cha ukurasa wa kwanza kilikuwa "Nyumbani". Nani anatafuta "Nyumbani"? Tukaandika "Miche ya zabibu Dodoma: bei na jinsi ya kuagiza". Maelezo yote pia yalikuwa ya Kiingereza, ilhali mnunuzi wake wa Kondoa au Mpwapwa anauliza kwa Kiswahili. Hapa wafanyabiashara wetu wanaacha nafasi kubwa wazi: kwa maswali mengi ya namna hii, kurasa nzuri za Kiswahili ni chache, kwa hiyo hata tovuti ndogo ina pa kupenya.

Picha za shamba zilikuwa zimepakiwa zilivyotoka kwenye kamera, nzito mno kwa mtu mwenye bando la wiki. Google inapendekeza kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa, kama picha kuu, kionekane ndani ya sekunde 2.5, na siku hizi inaisoma tovuti kama inavyoonekana kwenye simu. Tulizipunguza ukubwa, basi.

Aliwahi pia kuahidiwa viungo elfu moja kutoka tovuti nyingine kuja kwake, kwa bei ya kutupa. Nilimsihi asithubutu. Tangu 2012, Google ilipotoa badiliko liitwalo Penguin, viungo vya kununua vimezizamisha tovuti nyingi. Kiungo kimoja kutoka kwa chama cha wakulima wenzake, wanaomjua kweli, nakithamini kuliko elfu hizo. Na yule anayekutoza fedha kujaza maneno kwenye lebo ya maneno muhimu (meta keywords), iliyofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa, mwambie Google ilishatangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo.

Kuhusu muda nilimweleza ukweli: mabadiliko mengine huonekana baada ya siku chache, mengine huchukua miezi. Ukurasa wa bei ndio uliotangulia kuleta watu. Sasa anataka mwingine wa kupogolea. Nimemwomba ajirekodi akimweleza mteja kwa maneno yake mwenyewe, mimi nitachapa.