Bondwa: kazi yangu ni kuwasimamisha

Naongoza watu wanaokuja kuangalia ndege, na wengi hudhani mimi ni wa kuwafikisha kileleni. Kileleni wangefika hata bila mimi, njia iko wazi. Kazi yangu ni kuwasimamisha.

Jumamosi nilipanda na watu wawili kutoka Dar, mtu na mkewe, kwenda Bondwa, ule mlima wenye minara unaouona ukiwa Morogoro mjini. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tulishakuwa juu ya bodaboda. Ndege wa msituni huimba na kutafuta chakula kwa bidii tangu kunapopambazuka hadi kama saa nne, halafu msitu unanyamaza. Ukisubiri kwanza supu na chapati, utaambulia mazoezi ya miguu.

Mashambani kwa Waluguru, kwenye migomba na stroberi, hatukukaa. Ndege wa hapo ni wale wale wa mjini. Ukishaipita nyumba ya zamani ya Wajerumani pale Morningside na kuingia msitu wa hifadhi, jua linakatika na koti linatoka kwenye begi. Kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka nyuzi kama 6, na Bondwa ina zaidi ya mita 2,100. Morogoro wanaiita mji kasoro bahari, lakini kwa ndege wa huku juu bahari ipo: ni joto la tambarare linalouzunguka mlima. Ndege aliyezoea ukungu hathubutu kulivuka. Kakaa hapa vizazi na vizazi, hadi akawa wa hapa tu. Chozi wa Loveridge, kwa mfano, duniani kote yuko Uluguru pekee.

Yeye hatukumhangaikia. Dume lilikuja lenyewe hatua tano kutoka tuliposimama, kichwa kijani kinachometa, likatumbukiza mdomo wake mrefu uliopinda kwenye ua, likachomoa, likahamia jingine. Yule mama alisahau kabisa kwamba ana darubini shingoni.

Baada ya hapo, kimya. Dakika ishirini hata unyoya haukuonekana, na bwana akaanza kuangalia saa. Nikamwomba avumilie, maana ndege wa misitu hii hutembea kwa msafara. Wa aina nyingi huungana asubuhi na kuzunguka pamoja: macho mengi humwona kipanga mapema, na mdudu anayemkimbia huyu huangukia mdomoni mwa yule. Kwa hiyo unakaa patupu, kisha ghafla mti mmoja unajaa. Ndivyo ilivyokuwa. Majani yalianza kutikisika pasipo upepo, chini wadogo wa kijivu wakipanua mikia, katikati wa kijani wakipekua kuvumwani, ule ukoga ulioota kwenye matawi, juu kabisa wengine ambao hata mimi sikuwawahi. Dakika tatu, wakapita. Anayetembea haraka hupishana nao bila kujua.

Kisha tukamsikia mbwigu wa Uluguru, naye ni wa hapa tu, kichwa cheusi na tumbo la manjano, mpenda vilele vya miti mirefu. Bwana akatoa simu amchezee mlio wake uliorekodiwa. Nilimkatalia, na nitawakatalia wengine. Ndege akisikia mlio ule huamini kuna mvamizi kwenye eneo lake. Anaacha kula, pengine anaacha na kiota, aje kupigana na spika. Kwa kiumbe mwenye mlima mmoja tu, sioni kwa nini tumsumbue kwa ajili ya picha. Tukakodoa macho juu hadi shingo zikauma.

Kileleni tulifika saa sita: ukungu mtupu na minara. Hatukumaliza hata dakika kumi.

Wakati wa kushuka mama alishikilia kwamba aliona manjano yakipita kati ya majani. Mumewe akasema ni jani kavu. Nilipowaacha stendi walikuwa bado wanabishana, na kwenye daftari langu nimeandika: mbwigu, kasikika.