Filta ya Hewa ya Nyumba: Usikimbilie Namba Kubwa

Katika nyumba nyingi za Marekani na Kanada, joto la wakati wa baridi na ubaridi wa kiangazi husambazwa na feni moja. Feni hiyo hufyonza hewa ya vyumbani kupitia tundu kubwa lenye wavu, hewa ikapita kwenye filta, kisha ikarudishwa vyumbani ikiwa imepashwa joto au imepozwa. Filta isiyofaa huiumiza feni kabla ya kukuumiza wewe.

Kabla ya kwenda dukani, zima mtambo kwenye themostati (kidhibiti joto cha ukutani), chomoa filta ya zamani usome ubavuni mwake. Ukikuta 16x25x1, hivyo ni vipimo vyake kwa inchi, na namba ya mwisho ni unene. Ukiipima kwa futi kamba utaona imepungua kwa takriban robo inchi kila upande. Usishtuke, ndivyo zinavyotengenezwa ili ziingie. Kosa ni kununua ndogo zaidi ya hapo. Hewa hufuata penye wepesi, hivyo itapita pembeni na vumbi lake lote, na filta itaonekana safi miezi mitatu huku koili, yaani mabomba yanayopoza hewa ndani ya mtambo, ikijaa uchafu.

Uwezo wa kuchuja hupimwa kwa MERV, kipimo cha kuanzia 1 hadi 16: namba ikipanda, filta hunasa zaidi. Zile za nyuzi za kioo ambazo unaona hadi upande wa pili huwa chini ya 5: zinaulinda mtambo, basi. MERV 8 hunasa vizuri vumbi na chavua, lakini kwa chembe za maikroni 0.3 hadi 1 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ambamo sehemu kubwa ya moshi imo, kipimo hiki hakiidai inase kiwango chochote. MERV 11 hutakiwa kunasa angalau asilimia 20 ya chembe hizo, na MERV 13 angalau asilimia 50. Anayefukiza udi au kukaanga kila siku aizingatie tofauti hiyo, ingawa kufungua dirisha bado ni dawa ya haraka zaidi. Namba za MPR na FPR utakazoziona kwenye baadhi ya filta ni vipimo vya wauzaji wenyewe, usizisome kama MERV.

EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, hushauri MERV 13 au ile ya juu kabisa ambayo mtambo wako unaimudu. Hilo la kumudu ndilo husahaulika. Kitambaa kizito cha inchi 1 huibana hewa. Wakati wa kiangazi koili hukosa hewa ya kutosha ikaganda barafu. Wakati wa baridi hita hupata joto kupita kiasi, swichi ya usalama ikaikata, ikawaka tena na kuzima tena huku nyumba haijapata joto. Mtu huita fundi wa gesi, kumbe ni filta. Filta ya inchi 4 au 5 ina mikunjo mingi na eneo kubwa la kupitisha hewa, kwa hiyo MERV 13 ya unene huo haielemei feni sana. Ila nafasi ya inchi 1 haiipokei mpaka fundi abadilishe kasha. Kama kasha ni la inchi 1 na mtambo ni wa zamani, tungebaki na 8 au 11, na chumbani kwa mwenye pumu tuweke mashine ndogo ya kusafisha hewa yenye HEPA, filta inayonasa hata chembe ndogo sana.

Mshale ulio kwenye fremu uelekee kwenye feni. Ya inchi 1 ikague kila mwezi na uibadilishe ndani ya miezi mitatu. Nene hukaa miezi 6 hadi 12. Za karatasi hazioshwi. Feni isipozunguka hakuna kinachochujwa, kwa hiyo siku za moshi wa misitu hamisha swichi ya feni kwenye themostati kutoka AUTO (huzunguka inapohitajika tu) hadi ON (huzunguka muda wote). Gesi ya kaboni monoksaidi haizuiwi na filta yoyote kati ya hizi. King'ora chake ni lazima.

Kwa mpangaji: soma mkataba uone nani hubadilisha filta, na uombe ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya kupandisha MERV.