Mpira wa Kufikirika: Msingi wa Kulenga katika Pool na Biliadi

Mpira wa kufikirika ni mpira usiokuwapo mezani, ambao mchezaji huuweka akilini mwake mahali hasa ambapo mpira mweupe, yaani ule unaopigwa kwa fimbo, utakuwa unapogusana na mpira unaolengwa. Chora mstari ulionyooka kutoka shimoni, uupitishe katikati ya mpira unaolengwa na kuuendeleza upande wa pili: mpira wa kufikirika hukaa katika mstari huo, ukiwa umeugusa ule mwingine kwa nyuma. Kazi ya mchezaji ni kuupeleka mpira mweupe ukachukue nafasi hiyo. Ukifika hapo sawasawa, mpira unaolengwa huelekea shimoni, kwa sababu mipira miwili inapogongana, ule uliotulia husukumwa kufuata mstari unaounganisha vitovu vyake viwili.

Dhana hii inahitajika kwa sababu mahali mipira inapogusana si mahali pa kuelekezea kitovu cha mpira mweupe, na hapo ndipo wanaoanza wengi hupotea. Mchezaji huona, kwa usahihi kabisa, kwamba mpira unaolengwa unapaswa kuguswa kwenye nukta fulani ya ubavu wake, kisha huelekeza fimbo kwenye nukta hiyo hiyo. Anachosahau ni kwamba mpira mweupe una unene. Mipira ya kawaida ya pool ina kipenyo cha milimita 57.15, kwa hiyo kabla kitovu cha mpira mweupe hakijaifikia nukta ile, ubavu wake umekwisha kugonga mahali pengine, karibu zaidi na katikati ya mpira unaolengwa. Kitovu kinatakiwa kielekezwe mahali palipo nyuma ya nukta ya mguso kwa nusu ya kipenyo, yaani takriban milimita 28.6, katika mstari ule ule wa shimo. Athari ya kosa hili si ndogo: mpira mweupe ukiwa mbali kiasi na shuti likihitaji kukatwa kwa nyuzi 30, yaani mpira unaolengwa uondoke kwa pembe hiyo kutoka mwelekeo wa mpira mweupe, anayelenga nukta ya mguso huishia kuukata mpira kwa nyuzi 14.5 tu, na kama shimo liko umbali wa mita 1, mpira hupita takriban sentimita 27 kando yake. Mtu anaweza kurudia kosa hilo kwa muda mrefu akidhani mkono wake ndio unaotetereka, ilhali mkono umefanya kila ulichoagizwa.

Njia ya pili, ambayo kwa hakika ni hesabu ile ile iliyotazamwa kutoka nyuma ya mpira mweupe, ni ya kugawa mpira kwa mafungu. Mchezaji hujiuliza ni sehemu gani ya mpira unaolengwa itafunikwa na mpira mweupe wakati wa kugongana. Ukifunikwa wote, shuti ni la moja kwa moja. Robo tatu hutoa pembe ya nyuzi 14.5, nusu hutoa nyuzi 30, na robo hutoa karibu nyuzi 49. Nusu ndiyo rahisi kuliko yote kuiona, kwa kuwa kitovu cha mpira mweupe huelekezwa kwenye ukingo wa mpira unaolengwa, na ukingo ni kitu ambacho jicho hulishika bila kukisia. Vipimo hivi havibadiliki hata kwa mipira midogo ya snuka yenye milimita 52.5, mradi mipira yote miwili iwe na ukubwa mmoja.

Tazama pia jinsi pembe zinavyoongezeka. Kutoka nusu hadi robo kuna tofauti ya nyuzi 19 hivi, lakini kutoka robo hadi mguso mwembamba kabisa, yaani mpira mweupe ukigusa ukingo tu, kuna zaidi ya nyuzi 41. Ndiyo maana mashuti membamba ni magumu, kwani kuhama kidogo kwa mpira mweupe hubadilisha mwelekeo kwa kiasi kikubwa.

Zoezi linalofaa kuliko maelezo yoyote ni kuuweka mpira halisi mahali pa ule wa kufikirika, ukiugusa mpira unaolengwa, kisha kusimama nyuma ya mpira mweupe na kuangalia picha inavyoonekana. Weka alama ndogo ya karatasi chini ya kitovu chake, uondoe mpira huo, kisha piga mpira mweupe uelekee alama. Mstari uchaguliwe ukiwa bado umesimama, kwa sababu anayeanza kurekebisha shabaha akiwa ameshainama kwa kawaida hupinda fimbo badala ya mwili.

Hesabu hii haizingatii msuguano. Mipira inapogusana, ule mweupe huuburuta kidogo ule mwingine kuelekea unakokwenda wenyewe, kiasi kwamba shuti huonekana kama limepigwa kwa unene, yaani karibu zaidi na katikati ya mpira, kupita lilivyolengwa. Athari hiyo huwa kubwa katika mashuti ya polepole yanayokaribia nusu mpira, hasa mpira mweupe ukifika ukiteleza bila kubingirika, na dawa yake ni kulenga kwembamba kidogo kuliko mpira wa kufikirika unavyoonyesha. Kuupiga mpira mweupe ubavuni ili uzunguke kunaweza pia kupunguza mburuto huo, lakini huusukuma mpira wenyewe nje ya mstari wa fimbo, kwa hiyo anayejifunza kulenga apige katikati mpaka mistari yake itakapotulia.