Upasuaji wa moyo: maswali ya wakazi wa Mwanza na visiwani kabla ya kupanda Bugando

Upasuaji wa moyo ni lazima kifua kifunguliwe?

Hapana. Katika upasuaji wa kufungua kifua, mfupa wa katikati ya kifua hukatwa, moyo husimamishwa, na mashine hubeba kazi ya moyo na mapafu wakati daktari akitengeneza valvu (milango ya moyo inayopitisha damu upande mmoja) au kuziba tundu. Katika upasuaji wa tundu dogo, mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa paja au wa mkono mpaka kwenye moyo, na daktari huufuatilia kwenye skrini. Kwa njia hiyo hupanuliwa baadhi ya valvu zilizobana, huzibwa baadhi ya matundu na huzibuliwa mishipa ya moyo. Ile wanayoiita betri ya moyo huwekwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, kwa mtu ambaye mapigo yake yamekuwa ya polepole mno.

Kuna pia upasuaji wa kufungua kifua usiohitaji ile mashine. Mtoto aliyezaliwa na mshipa ambao ulipaswa kujifunga wenyewe anaweza kufungwa mshipa huo huku moyo wake ukiendelea kudunda.

Hapa Mwanza inawezekana, au ni mpaka Dar?

Inategemea tatizo. Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, ina huduma ya upasuaji wa kifua na moyo. Kisichowezekana hapo mgonjwa huandikiwa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Uamuzi hutoka kwenye kipimo cha eko, yaani ultrasound ya moyo. Ukiambiwa "moyo umevimba" bila eko, bado hujaambiwa kitu.

Anzia zahanati au kituo cha afya, uende na karatasi ya rufaa. Bila karatasi hiyo bima inaweza kukukwamisha dirishani. Wa Sengerema na Geita wamepata nafuu tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025. Wa Ukerewe na Ukara wapange safari kwa ratiba ya kivuko, na wasisubiri mgonjwa azidiwe.

Kwa nini vijana wadogo wanaharibika valvu?

Mara nyingi ilianzia kooni. Mtoto, hasa wa miaka 5 hadi 15, anapata tonsesi za bakteria aina ya streptokokasi, hazitibiwi sawasawa, kisha mwili unapopambana nazo unashambulia valvu zake wenyewe. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Viungo huuma vikihamahama, leo goti, kesho kiwiko, halafu hutulia, na nyumbani wanadhani yamekwisha. Miaka inapita, binti anapata mimba ya kwanza, na hapo ndipo pumzi inapogoma.

Kukata kimeo hakuzuii haya. Kisu cha kimeo hakiui bakteria, na kinaweza kuleta damu nyingi na maambukizi mengine. Mtoto mwenye koo linalouma na homa apelekwe zahanati. Akishaugua homa ya baridi yabisi, atachomwa penisilini kila baada ya wiki 3 au 4 kwa miaka mingi. Mwenye valvu zilizoharibika sana anaweza kuendelea hadi umri wa miaka 40 au maisha yote. Sindano inauma, ni kweli, lakini kuikatisha ndiko kunakowafikisha wengi kwenye chumba cha upasuaji.

Nitajuaje kwamba ni moyo?

Kama ulikuwa unapanda mawe ya Igogo au Mabatini bila shida na sasa unapumzika njiani mara mbili tatu, miguu inavimba jioni, na usiku unalala kwa kuegemea mito, nenda ukapimwe. Mtoto mchanga anayenyonya kwa kukatiza huku jasho likimtoka kichwani, haongezeki uzito, anaugua nimonia kila mara au midomo yake ina rangi ya bluu, asingojee kliniki ya mwezi ujao.

Valvu ya chuma au ya mnyama?

Hapa usiogope kumchosha daktari kwa maswali. Valvu ya chuma hudumu, lakini inataka warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku, maisha yote, pamoja na kupimwa mara kwa mara INR, namba inayoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda. Wenye valvu ya chuma kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, ile iitwayo mitrali, kwa kawaida INR yao hutakiwa kuwa kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka, damu huganda kwenye valvu na mtu anaweza kupooza, ikipanda, huvuja. Valvu ya mnyama haihitaji warfarini ya maisha, ila huchakaa, na kwa kijana huchakaa haraka zaidi, hivyo upasuaji wa pili lazima utarajiwe.

Kwa hiyo mweleze daktari unaishi wapi na unafanya nini. Binti anayetaka kuzaa aseme mapema, mbele ya mume au mama mkwe ikibidi, kwa sababu warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Mvuvi anayekatwa na ndoano na kamba kila usiku naye aseme. Anayekaa kisiwa kisicho na kipimo cha INR aulize atakuwa anapimiwa wapi, kabla hajasaini.

Nikiwa kwenye warfarini, niache mboga za majani?

Usiache. Mchicha, matembele na kisamvu vina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa, lakini tatizo ni kubadilibadilisha. Kula kiasi kilekile wiki hadi wiki, dozi itapangwa kufuatana nacho. Sato na dagaa havina neno.

Hatari kubwa iko duka la dawa. Tumbo likisokota watu hununua Flagyl bila kumuuliza mtu. Flagyl na Septrin hupandisha INR sana. Diklofenaki na aspirini huongeza kuvuja damu. Dawa za mitishamba pia zitaje, hakuna atakayekucheka. Kabla ya kung'oa jino, mwambie daktari wa meno una valvu ya bandia, akupe kwanza dawa ya kuzuia maambukizi.

Nitarudi kazini lini?

Mfupa wa kifua huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga. Katika muda huo hakuna ndoo kichwani, jembe, kuvuta nyavu wala kupakiwa bodaboda. Kutembea kunaruhusiwa, tena kunahimizwa.

Nini kinirudishe hospitali usiku huohuo?

Homa, kidonda kutoa usaha, kinyesi cheusi kama lami, kupumua kwa shida, mdomo kwenda upande au mkono kuishiwa nguvu ghafla. Na kama una valvu ya chuma na ile sauti yake ya tiki-tiki uliyoizoea imefifia au imekoma, usilale nayo hadi asubuhi.