Albamu Nyeupe: kilichobaki ndani ya tepu

Mteja mmoja aliniletea kaseti ya bendi aliyoimbia marehemu baba yake. Alitaka jambo moja tu: nipandishe sauti ya mzee, nishushe tarumbeta. Nikamwambia, kaka, hii ilirekodiwa ukumbini kwa maiki moja. Mzee na tarumbeta wameshakuwa uji, unga siwezi kuurudisha. Nikajaribu na zile programu za siku hizi za kutenganisha sauti, mzee akatoka anaimba kama yumo ndani ya pipa. Mteja akaniangalia kwa jicho la mtu aliyekwisha kuzunguka mtandaoni. "Sasa fundi, mbona Beatles wamefanyiwa?"

Swali halali kabisa, ila jibu lake ni refu kuliko foleni niliyokuwa nayo siku ile. Naliandika hapa, na mfano nitautoa kwa hao Beatles, kundi la Uingereza la John Lennon, Paul McCartney, George Harrison na Ringo Starr, kwenye ile albamu yao ya santuri mbili iliyotoka Uingereza tarehe 22 Novemba 1968, jaketi jeupe pe, hakuna picha. Jina lake halisi ni The Beatles, basi. Watu wote wanaiita Albamu Nyeupe.

Nyingi ya nyimbo zake zilitungwa Rishikesh, India, kati ya Februari na Aprili 1968, walipokwenda kujifunza kutafakari kwa mwalimu wa Kihindi, Maharishi Mahesh Yogi. Huko hakukuwa na studio. Kulikuwa na magitaa makavu, yasiyo ya umeme, na muda mwingi wa kukaa bure. Mwanamuziki Donovan naye alikuwepo, akamwonyesha John Lennon namna ya kudonoa nyuzi kwa vidole badala ya kuzikwangua. Sikiliza "Dear Prudence", kisha "Julia", utauona mkono ule ule. Waliporudi, mwishoni mwa Mei, wakakusanyika nyumbani kwa George Harrison kule Esher, nje ya London, na mashine ya Ampex ya traki nne, wakarekodi mazoezi ya nyimbo 27. Kumi na tisa kati ya hizo ziliingia kwenye albamu. Zilizobaki zilitawanyika: moja ya Lennon, "Child of Nature", ilibadilishwa maneno yote ikatoka mwaka 1971 kwa jina la "Jealous Guy".

Tarehe 30 Mei wakaingia studio za kampuni yao ya rekodi, EMI, barabara ya Abbey, wakatoka katikati ya Oktoba. Na hapa ndipo jibu la mteja wangu linapoanzia.

Mashine ya traki nne ni tepu moja pana iliyogawanywa njia nne, kila njia na sauti yake. Tuseme drams na besi njia ya kwanza, gitaa ya pili, piano ya tatu, mwimbaji ya nne. Zimejaa. Ukitaka kuongeza tarumbeta, unazichanganya zile nne, unazihamishia kwenye tepu nyingine zikae njia moja au mbili, halafu unaendelea. Studio tunaita kubaunsi. Kila ukibaunsi, mvumo wa tepu unazidi, na uamuzi wako umefungwa: kama besi ilizama, imezama moja kwa moja. Lakini tepu ya kwanza, ile ya kabla ya kubaunsi, EMI hawakuitupa. Waliiandikia, wakaiweka kwenye kabati. Kaseti ya mteja wangu haina tepu ya kwanza, wala haikuwahi kuwa nayo.

Traki nane zilikuwepo London mwaka ule, lakini kwenye studio ya Trident, mtaa wa Soho. Huko ndiko walikokwenda kurekodi "Hey Jude" mwishoni mwa Julai. EMI nao walikuwa wamenunua mashine ya traki nane, ila mafundi wao walikuwa bado wanaikagua na kuirekebisha, na kwa utaratibu wa kampuni hakuna kugusa kitu mpaka idara ya ufundi iridhike. Tarehe 3 Septemba, baada ya kina Beatles kujua ipo mle mle ndani, ikasukumwa ikaingia studio. Kwa hiyo albamu moja ina nyimbo za traki nne na nyimbo za traki nane, na ukiwa na sikio la kazi utasikia zile za Septemba na Oktoba zina hewa zaidi.

Habari za ugomvi zimeandikwa sana, nitazipitia haraka. Geoff Emerick, fundi mitambo wao, alisusa tarehe 16 Julai, wiki moja baada ya kurudia "Ob-La-Di, Ob-La-Da" mpaka watu wakaichukia. Ken Scott akakalia kiti chake. Prodyuza George Martin aliona ni bora nyimbo zichujwe ziwe santuri moja nzuri. Hakusikilizwa, na mwezi Septemba akaenda likizo, akamwachia kijana Chris Thomas. Ringo Starr alisusa tarehe 22 Agosti, ndiyo maana drams za "Back in the U.S.S.R." na "Dear Prudence" hazikupigwa naye. Aliporudi mwanzoni mwa Septemba alikuta drams zake zimepambwa maua.

Nikiwa kwenye hiyo "Ob-La-Di", maneno yale ya kichwa cha wimbo McCartney aliyatoa kwa Jimmy Scott, mpiga tumba kutoka Nigeria aliyekuwa akipiga muziki London. Toleo la kwanza la wimbo lina tumba zake, na lilikaa kabatini mpaka mwaka 1996. Mimi nalipenda kuliko lililochaguliwa. Linacheza. Lile la albamu linaruka ruka.

Sasa Chris Thomas. Eric Clapton, mpiga gitaa mgeni asiye wa kundi, alipiga gitaa la solo kwenye "While My Guitar Gently Weeps" tarehe 6 Septemba, akalipiga kama Clapton, na tatizo likawa hilo hilo: lilisikika la Clapton mno, halikuwa la kundi. Dawa yake ilikuwa kulipitisha kwenye mtambo wa EMI wa kurudufu sauti, ambao kasi yake inaendeshwa na kitufe kimoja cha kuzungusha. Wakati wa kumiksi, yaani kupima na kuchanganya traki zote ziwe wimbo mmoja, Chris Thomas alikaa saa nzima nzima akikizungusha kitufe kile huku na huku ili gitaa lipepesuke. Ule mlio wa kulia unaousikia umetengenezwa na Clapton kwa nusu, na nusu nyingine na mkono wa kijana aliyechoka.

Kumiksi kulimalizika kwa mkesha. Tarehe 16 Oktoba saa kumi na moja jioni Lennon, McCartney, Martin na mafundi waliingia kupanga mfuatano wa nyimbo 30 na kuziunganisha bila mapengo ya kawaida, wakatoka saa kumi na moja jioni ya kesho yake. Harrison alikuwa amesafiri kwenda Marekani, Ringo yuko mapumzikoni. Lakini nyimbo nne za Harrison ziligawanywa kwa haki: kila upande wa santuri mmoja. Jumla ni dakika 93 hivi, maana yake kila upande unabeba kama dakika 23, na hapo mkata santuri anaanza kukuna kichwa. Mistari ya santuri ikibanana lazima upunguze sauti. Na ukicheza nakala ya zamani, "Long, Long, Long" inayokuja mara baada ya "Helter Skelter" inakulazimisha uinuke uongeze sauti, na mkono wako ukiwa juu ya kitufe wimbo umekwisha.

Tena walimiksi mara mbili: mono, sauti ile ile kwa spika zote, na sterio, kushoto na kulia tofauti. Ilikuwa albamu yao ya mwisho kupewa miksi ya mono iliyofanywa peke yake, na Marekani haikuuzwa kabisa. Huko ilitoka sterio tu. Tofauti si za kubuni. "Don't Pass Me By" ya mono inakwenda mbio zaidi. "Helter Skelter" ya mono inakatika kabla ya dakika nne. Ya sterio inafifia, inarudi, inamaliza na Ringo anapiga kelele kwamba vidole vimetoka malengelenge. Aliyenunua ya mono mwaka 1968 hakuyajua malengelenge hayo.

Haya, kutolewa upya. Watu wanachanganya mambo mawili. Kumasta upya ni kuchukua miksi ile ile iliyokwisha, ukaisafisha, ukarekebisha besi na treble, ukaipandisha. Ndicho kilichofanyika kwa CD za 2009. Kumiksi upya ni kurudi nyuma ya hapo, ukafungua zile traki nne au nane, ukaanza kupanga meza upya. (Hapa kwetu ukisema rimiksi watu wanatafuta msanii mgeni aliyeongezwa. Hakuna.) Kazi hii ya pili ilifanywa na Giles Martin, mtoto wa George Martin, pamoja na fundi Sam Okell, ikatoka tarehe 9 Novemba 2018 kwa miaka 50 ya albamu. Sanduku kubwa lina CD sita na diski moja ya Blu-ray, mazoezi yote 27 ya Esher, rekodi 50 za studio ambazo nyingi hazikuwahi kutoka, na kitabu cha kurasa 164. Miaka minne baadaye, walipoifikia albamu yao nyingine, Revolver, walihitaji programu ya kompyuta kutenganisha vyombo vilivyorekodiwa pamoja kwenye traki moja. Albamu Nyeupe ilitangulia yote hayo. Yenyewe ilitegemea zile tepu za kwanza.

Kwa sikio langu, faida kubwa ni drams na besi. Sterio ya 1968 wakati mwingine iliegemeza chombo kizima upande mmoja, ukivaa hedifoni sikio moja linafanya kazi jingine limepumzika. Giles amevileta katikati, na kwa mara ya kwanza nilimsikia Ringo kama mtu aliyekaa mbele yangu. Nisichokipenda: baadhi ya nyimbo za fujo zimekuwa nadhifu mno. Kwa "Helter Skelter" bado nachukua mono, ikiwa imebanana na haina adabu.

Ile rekodi ya majaribio ya "Helter Skelter" ya tarehe 18 Julai, yenye dakika 27, haimo kwenye sanduku. Tumepewa ya karibu dakika 13 ya siku hiyo hiyo. Badala yake kuna "Good Night" ambayo sote tuliizoea na okestra na Ringo peke yake. Humu ina gitaa tu, na wenzake wanamwitikia. Huo ndio mwaka wanaosema walikuwa hawasemezani.

Na kwenye "Long, Long, Long", mwishoni, kuna kitu kinatetemeka. McCartney aligonga noti moja ya kinanda, na chupa ya mvinyo iliyokuwa imewekwa juu ya spika ya Leslie, ile ya kinanda inayozunguka, ikaanza kulia. Wakaipenda, wakaisogezea maiki, Ringo akaisindikiza kwa drams. Mwaka 2018 wangeweza kuifuta. Ipo, na sasa haihitaji kuinuka kuongeza sauti.

Kuna wimbo mmoja ambao hata tepu ya kwanza haisaidii sana: "Yer Blues". Mwezi Agosti walijibana wote wanne kwenye kichumba cha pembeni cha studio namba mbili, ampulifaya na drams zikigusana, kila maiki ikameza sauti ya mwenzake. Ukipandisha gitaa, drams zinapanda nalo. Hata mahali wembe ulipokata tepu kuunganisha rekodi mbili panasikika waziwazi, na hawakupaficha.

Nilimpigia simu yule mteja, akaja, nikamvalisha hedifoni nikamwekea wimbo huo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusema neno. Kisha akauliza ni bei gani kuihamisha kaseti ya mzee ilivyo, na tarumbeta zake.